Muvi za Krismasi za Wana wa Wafalme: Tuangalie au Tuache?



Wapendwa vijana wenzangu, Jumapili moja ya Majilio, baada ya kikao cha VIWAWA hapa Mbeya, binti mmoja alinivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Dada, eti kuangalia zile muvi za Krismasi za ma-prince ni dhambi? Mama anasema zinaniharibu akili."

Nilicheka kwanza, maana kwenye simu yangu zilikuwemo tatu. Halafu nikaona swali lake ni la maana kuliko kicheko changu. Nikamwambia nitamjibu vizuri, siyo kwa kukurupuka. Jibu lenyewe ni hili.

Hadithi ni ile ile

Ukiangalia moja umeangalia zote. Kuna nchi ndogo ya Ulaya isiyokuwepo kwenye ramani. Kuna kasri, theluji, na mwana wa mfalme ambaye hajaoa. Anatokea msichana wa kawaida kutoka Marekani, anafika kasri kwa bahati au kwa makosa, na kabla sikukuu hazijaisha anavishwa pete.

Nichukue mfano wa A Christmas Prince, iliyotoka Netflix Novemba 2017. Amber ni mwandishi wa jarida wa New York. Anatumwa Aldovia, ambako mfalme amefariki na mwanawe Richard anatakiwa kurithi taji. Pale kasri wanamdhania ni mwalimu mpya wa mdogo wake Richard, naye anawaacha waamini hivyo ili apate habari. Ukishaijua hiyo, njoo kwa The Princess Switch ya 2018: msichana wa kuoka keki kutoka Chicago anabadilishana nafasi na mwanamke wa ukoo wa kitawala anayefanana naye sura. Tena watu wanadanganywa, tena mapenzi, tena harusi.

Wala tusiwacheke Wazungu peke yao. Muvi za Nigeria tulizokulia nazo, za Igwe na mwanawe anayejifanya maskini ili apate mke wa kweli, si ni ndugu wa hizi? Tofauti ni theluji tu.

Kinachotuvuta

Sitaki kusema uongo: zinavuta. Desemba kwetu Nyanda za Juu Kusini ni mvua, matope na kupanda mahindi. Umetoka shamba, miguu imechoka, unataka kitu kisichokuumiza kichwa. Hizi muvi hazina damu, hazina matusi, na unajua kabisa mwisho utakuwa mwema. Unaweza kukaa na bibi na mdogo wako wa darasa la tano bila kushika rimoti kwa wasiwasi. Hilo si jambo dogo siku hizi.

Halafu kuna jambo la ndani zaidi. Kila mmoja wetu anatamani aonekane. Kwamba katikati ya watu wote, mtu mwenye thamani akuangalie wewe, wewe wa mtaa wa kawaida, aseme: huyu. Tamaa hiyo siyo ujinga. Ni Mungu aliyeiweka, kwa sababu ndiye mwenye nia ya kuitimiza.

Kasoro zake

Kasoro ya kwanza ni mwendo. Amber na Richard wanatoka kwenye kutojuana hadi uchumba bila hata wiki tatu kutimia. Parokiani kwetu matangazo ya ndoa peke yake ni Jumapili tatu, hapo bado hatujahesabu mafundisho. Kijana ukizoea mwendo wa Aldovia, mchumba anayekuja taratibu, anayekuuliza habari za kazi na afya ya mama yako, utamwona hana mvuto. Yaani utamwacha mtu wa kweli kwa sababu hana farasi.

Ya pili ni uongo kusamehewa haraka mno. Amber anadanganya familia iliyofiwa, anapekua karatasi zisizo zake, na mwisho anapewa pete. Katika maisha, uongo mwanzoni mwa uhusiano unaacha ufa ambao theluji haiufuniki.

Ya tatu ni taji bila kazi. Sisi wa Iringa tunajua habari za utawala. Kalenga ilikuwa ngome ya Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani mpaka kifo chake mwaka 1898. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na lipo pale kwenye makumbusho. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Ukoo wa kitawala, lakini heshima yake ikawa kukaa kwenye kiti na kusikiliza wengine wakiongea. Kwenye muvi hizi mfalme kazi yake ni kucheza dansi.

Kasoro kubwa ni hii: hadithi nzima ingeweza kusimama hata kama Yesu asingezaliwa. Krismasi imebaki miti na taa. Mwenye sikukuu hana nafasi, kama ilivyokuwa Bethlehemu (Lk 2:7).

Karatasi ya baba yangu

Sasa niseme kwa nini, pamoja na kasoro zote hizo, moja ya muvi hizi ilinitoa machozi kwenye basi.

Mimi nililelewa Iringa na mama mdogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, na baba mzazi sikumjua. Mume wa mama mdogo, dereva wa lori la mbao za Mafinga, ndiye niliyemwita baba. Mimi na watoto wao watatu tulikula sinia moja. Alifariki mwaka 2016. Kwenye kikao cha ukoo baada ya mazishi, mzee mmoja alinitazama akasema kwa upole kabisa: "Wewe binti tunakushukuru kwa kuja. Lakini hapa tunaongelea watoto wa marehemu." Nikasimama, nikaenda uani kuosha vyombo.

Desemba ya mwaka uliofuata nilipanda basi Uyole kurudi nyumbani, muvi ile iko kwenye simu. Tulipokaribia Makambako nikafika pale ambapo adui wa Richard anatoa hadharani karatasi kwamba Richard si mtoto wa kuzaliwa wa mfalme, ni mtoto wa kuasili. Ukumbi mzima unashtuka. Mtu aliyekuwa mwana asubuhi, jioni ameambiwa si mwana. Nikaanza kulia kwa kwikwi. Mama aliyekaa pembeni yangu akanishika mkono: "Pole mwanangu, ni msiba?" Nikamjibu, "Ni muvi tu, mama."

Baadaye inagundulika kwamba mfalme, kabla ya kufa, aliandika tamko kwamba Richard ni mrithi wake halali, akalificha ndani ya pambo la mti wa Krismasi. Nikajisemea: ndiyo maana ni muvi. Wetu hawaachi karatasi.

Nilikosea. Siku mbili kabla ya Noeli mama mdogo alifungua sanduku la bati akanipa fomu yangu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Mahali palipoandikwa "uhusiano na mwanafunzi", baba aliandika kwa herufi kubwa: BABA. Mama mdogo akaniambia, "Nilimwambia aandike mlezi, maana majina yenu hayafanani, shule wataulizia. Akasema, wakiuliza watanikuta."

Karatasi ile haikunipa shamba, na sikuipeleka kwenye kikao chochote. Lakini nilienda nayo Misa ya mkesha, nimeikunja ndani ya kitabu cha nyimbo.

Mfalme aliyelelewa

Injili ya Misa ya mkesha wa Noeli ni ile ya Mathayo, orodha ndefu ya majina ambayo wengi tunasinzia ikisomwa (Mt 1:1-25). Abrahamu, Daudi, wafalme, mpaka Yosefu. Usiku ule nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Orodha yote inamfikia Yosefu, na Yosefu si baba mzazi wa Yesu! Yesu alichukuliwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Lakini malaika anamwita Yosefu mwana wa Daudi, anamwambia asiogope kumchukua Maria, na anampa kazi ya kumpa mtoto jina. Yosefu akampa jina, maana yake akamtambua mbele ya sheria kuwa mwanawe. Kwa hiyo haki ya Yesu kuitwa Mwana wa Daudi, haki ya kiti cha enzi, inapitia kwa baba mlezi.

Tafakari hilo. Wale watunzi wa Aldovia huenda hawakujua, lakini waligusa ukweli wa zamani kuliko kasri lao: mtoto wa kulelewa ndiye mfalme halali. Tofauti ni mahali. Katika habari ya Noeli kasri lipo, na Mamajusi walifika Yerusalemu wakimuulizia mfalme aliyezaliwa. Lakini aliyekuwa kwenye kasri ni Herode (Mt 2:1-18). Mfalme mwenyewe alikuwa Bethlehemu.

Na haikuishia kwake. Mtume Paulo anafundisha kwamba Mungu alimtuma Mwanae ili sisi tufanywe wana, na tukiwa wana, basi ni warithi (Gal 4:4-7, Rum 8:15-17). Siku ya ubatizo ulipakwa Krisma ushiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Kwa hiyo kijana, wewe si mtu wa kawaida anayesubiri mwana wa mfalme apite mtaani. Umeshaandikwa mtoto. Shetani akiuliza, atamkuta Baba.

Basi tufanyeje?

Jibu langu kwa yule binti: mdogo wangu, kuangalia si dhambi. Angalia, cheka, furahi. Ila usimpime mchumba kwa kipimo cha Aldovia, na muvi isikunyime Misa, kitubio wala kazi za nyumbani.

Na sote tuangalie nyumbani kwetu. Nyanda hizi zina nyumba nyingi zenye mtoto wa dada aliyefariki, mjukuu, mtoto wa jirani. Krismasi hii nani ananunuliwa nguo mpya, na nani anaambiwa avae za mwaka jana? Nani anakaa mezani, nani anabaki jikoni? Wewe unayelea, kama unaweza kufuata taratibu za kuasili mahakamani, fuata. Kama huwezi, andika, sema mbele ya mashahidi, usimwachie mtoto wa watu aje kuulizwa siku ya msiba wako.

Maswali ya kutafakari

1. Ni kitu gani ninachokitamani ninapoangalia hadithi za mapenzi, na je, nimewahi kumwambia Mungu?
2. Kuna mtu mwema ninayemdharau kwa sababu hafanani na wa kwenye muvi?
3. Ni nani katika familia yetu anayejisikia mgeni, na nitamfanyia nini kabla ya Noeli?

Tusali

Ee Mtakatifu Yosefu, ulimpokea mtoto usiyemzaa ukampa jina na nyumba. Utuombee sisi vijana tuwe na mapendo yasiyo na haraka wala uongo. Waombee wote wanaolelewa na wote wanaolea. Utufikishe horini kwa Mfalme, tukajue kwamba sisi ni watoto wa nyumbani. Amina.

Noeli njema, wapendwa.