Athari ya Fikira katika Mwili wa Mwanadamu

 Somo hili lahusu jambo ambalo watu wa pwani hulinena kila siku wala hawalipimi: ya kuwa hofu humdhoofisha mtu, na tumaini humwinua kitandani. Wako wasemao kuwa hayo ni porojo. Wako na wengine waliopita mpaka, wakadhani kuwa itikadi peke yake yaponya kila ugonjwa. Makundi yote mawili yamekosa, na kosa la hili la pili limekwisha kuzika watu.

Ilimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa vyote viwili, na kimoja kikiugua cha pili huumia. Akaja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akatoa mfano wa ubao. Ubao ukilazwa chini, mtu hupita juu yake mbio wala hafikiri; ubao ule ule ukitandikwa juu ya shimo refu, miguu humtetemeka akakaribia kuanguka. Ubao haukugeuka, wala miguu haikugeuka. Kilichogeuka ni picha iliyomo ndani ya nafsi. Tena hakuitaka picha hiyo, wala hawezi kuifukuza kwa kujikemea. Basi zipo fikira ambazo mtu huzitawala, na zipo zilizofichika ambazo humtawala yeye.

Mtu atakaye kuiona habari hii katika maisha ya watu wengi, na azitazame nyanda za juu za kusini, nchi za Iringa na Mbeya, ambako wafanyaji biashara wa pwani wamekuwa wakipanda tangu zama za misafara. Huko Rungwe, katika mkoa wa Mbeya, wakaa Wanyakyusa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walikaa nao wataalamu wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson. Na bibi huyo akayaandika mambo yao katika vitabu alivyovitoa baada ya mumewe kufa. Aliandika kuwa Wanyakyusa wa siku hizo waliiogopa mno pumzi ya watu, nayo ni pumzi ya baridi. Mtu akiwavunjia jirani zake heshima, au akiwanyima nyama waliyostahili kulishwa katika matanga, jirani hunung'unika. Na manung'uniko hayo, kwa itikadi yao, humshukia mkosaji kama upepo wa baridi, akapatwa na homa. Dawa yake ilikuwa kuchinja na kuwalisha aliowakosea.

Kwa ndugu wa damu shauri lao lilikuwa la ajabu zaidi. Walisema kuwa hasira iliyofichwa kifuani ndiyo idhuruyo, na suluhu ya mdomo tu haifai kitu. Sharti mwenye hasira aseme yote yaliyomo moyoni, kisha apulize maji kutoka kinywani, kuwa ni alama ya kwamba hasira imetoka.

Mwislamu hakubali kuwa pumzi ya jirani yaua kwa nguvu zake yenyewe. Madhara na manufaa yako mikononi mwa Mola. Lakini kuna jambo katika habari ile lisilofaa kupuuzwa. Mkosaji yule ajua kuwa yuasemwa, alala akilifikiri neno hilo, aamka nalo. Na hofu ina njia yake ndani ya mwili. Ubongo ukiona hatari, ya kweli au ya kudhaniwa, hupeleka amri kwenye tezi mbili zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga katika damu maji yaitwayo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, sukari huzidi katika damu, tumbo huacha kazi yake. Kwa kumkimbia simba hayo yafaa sana. Yakidumu miezi kwa sababu ya ugomvi au deni, hula kinga ya mwili. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na akili uzeeni. Walitiwa jeraha dogo mkononi, na jeraha hilo lilikawia kupona siku tisa kuliko la wanawake 13 wengine wasio na mzigo huo.

Tumaini nalo lina njia yake. Mwaka 1978 watu waliong'olewa meno walipewa dawa isiyo dawa, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakapewa kitu kizuiacho nguvu za afyuni, na maumivu yakawarudia. Ikadhihirika kuwa mwili, kwa kutumaini tu, ulikuwa umejitengenezea wenyewe mfano wa afyuni, na mwenye mwili hana habari.

Hapa ndipo wengi wapotewapo. Mwaka 2011 wagonjwa wa pumu walijaribiwa kwa dawa ya kweli na kwa isiyo dawa. Walipoulizwa, walisema kuwa nafuu ni moja kwa zote mbili. Walipopimwa pumzi kwa chombo, dawa ya kweli ilikuwa imeyafungua mapafu sawasawa, na ile nyingine kidogo sana. Mgonjwa aliona raha, na kifua chake kingali kimebana!

Mwaka huo huo Tanzania nzima ilikimbilia Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Na hata Mbeya kikatokea kikombe cha namna hiyo. Wanywaji wengi walirejea wakisema wamepata nguvu, na pengine walisema kweli kwa walivyojiona. Lakini wako waliokuwa na ukimwi wakaacha vidonge vyao. Kirusi hakisikii tumaini wala hofu. Na kwa nchi hizo za kusini jambo hili si dogo, maana utafiti wa 2016 na 2017 ulikuta virusi hivyo kwa watu wazima 11.3 katika kila 100 mkoani Iringa, na 9.3 mkoani Mbeya, ilhali kwa nchi nzima walikuwa karibu 5.

Mganga mmoja wa Uhehe, karibu na Iringa, alikuwa na busara kuliko hao. Mmarekani Robert Edgerton, aliyekuwa huko mwaka 1961 na 1962, aliandika habari zake mwaka 1971 kwa jina la Abedi. Alitibu wenye wazimu. Alipiga ramli kama desturi ya waganga, jambo ambalo sharia hailikubali, lakini tegemeo lake lilikuwa mimea aliyoijaribu na kuiona inavyotenda kazi.

Sharia imeyapanga haya vizuri. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuona nuksi kwa ndege na mfano wake, akapenda neno jema la bishara. Na alipomzuru mgonjwa alimtia moyo. Mwenye kumkalia mgonjwa kitako akamhesabia waliokufa kwa ugonjwa ule ule amemwongezea maradhi, hata kama nia yake ni kumpa pole. Na Mtume huyo huyo aliamrisha watu wajitibu. Wanazuoni wamehalalisha kumsomea mgonjwa, kwa sharti maneno yawe ya haki na isiitakidiwe kuwa yaponya kwa nguvu zake yenyewe. Basi anayeandikiwa kombe kwa zafarani na alinywe asubuhi akitaka, na saa ya vidonge vya hospitali ikifika, avinywe pia.