Hasheem Thabeet na Mpira wa Kikapu

Watoto wa Mugumu huwajua twiga wa Serengeti. Twiga hakujifunza urefu wake; alizaliwa nao. Lakini mwanadamu akijaliwa kipawa, hana budi kukifanyia kazi.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akarefuka hata akatimiza mita 2 na sentimeta 21. Alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, hali wenzake wa Marekani wameuzoea tangu utoto. Basi akavuka bahari kwenda kusoma, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alijifunza kulinda kikapu na kuupangua mpira wa wapinzani kabla haujaingia. Mwaka 2009 chuo chake kilikuwa miongoni mwa vinne vya mwisho katika kushindania ubingwa wa vyuo.

Kila mwaka timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, huchagua vijana wapya kwa zamu. Mwaka ule Hasheem alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Lakini Februari 2010 alipelekwa ligi ndogo, na wengi wakasema kuchaguliwa kwake kulikuwa kosa. Yeye hakuuacha mpira. Alicheza NBA hata mwaka 2014, kisha akacheza Japani na Taiwan.

Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata aliye mrefu kuliko wote huinama.