Magugu Bwawani, na Namna ya Kuyaondoa Pasipo Kuua Samaki

Mkulima aliyechimba bwawa la samaki amejiwekea akiba njema. Lakini bwawa, kama shamba, lataka palizi. Likiachwa bila kuangaliwa, matete huota kandokando, yungiyungi hutandaza majani yake juu ya maji, na chini hujaa mimea isiyoonekana mpaka wavu unaponasa. Hapo mwenye bwawa hushikwa na hamaki, akataka kuyamaliza magugu yote kwa siku moja. Haraka hiyo ndiyo iwapotezeayo wengi samaki wao.

Sababu yake ni hii. Samaki huvuta hewa iliyochanganyika na maji. Mimea iliyo hai huiongeza hewa hiyo mchana kwa nguvu ya jua, na usiku huitumia. Mimea mingi ikifa pamoja majini, huoza, na vijidudu viozeshavyo huimaliza hewa ile. Alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji, na jua lichomozapo wengi wamekwisha kufa. Kwa hiyo mtu anyunyizaye dawa ya magugu katika bwawa zima kwa mara moja aweza kuwaua samaki, hata kama dawa yenyewe haiwadhuru.

Kazi iliyo salama hufuata utaratibu huu:

Kwanza, magugu yagawanywe mafungu matatu, na fungu moja tu liondolewe kwa wakati mmoja. La pili lingoje majuma mawili au matatu.

Pili, mimea ya chini ikokotwe kwa reki iliyofungwa kamba. Matete yakatwe chini ya uso wa maji, ili mabua yaliyosalia yafunikwe na mizizi ikose hewa.

Tatu, magugu yote yapelekwe mbali na ukingo, mvua isije ikayarudisha. Yakioza vema huwa mboji nzuri ya shamba. Yasitupwe mtoni kamwe. Gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye ua zuri la zambarau, lilionekana katika Ziwa Naivasha mwaka 1988. Na katika miaka ya 1990 lilifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam huko Ziwa Victoria, hata mitumbwi ya wavuvi ikashindwa kupita. Kipande kimoja chenye uhai chatosha kuanza taabu kama hiyo kwa jirani.

Nne, aingiaye majini avae mabuti marefu ya mpira, na watoto wasitumwe kazi hiyo. Konokono waenezao kichocho hupenda kukaa penye magugu.

Palizi peke yake haitoshi ikiwa chanzo kimeachwa. Magugu hupenda mahali ambapo jua hufika chini, na maji yenye mbolea nyingi. Basi kingo zichimbwe ziteremke upesi, maji yasipungue kina cha sentimita 60. Tena, mfereji mdogo uchimbwe upande wa juu, ili maji ya mvua yatokayo zizini na shambani yapite kando.

Wako wanaoshauriwa kutia mnyama mgeni ale magugu. Shauri hilo lisifuatwe bila kumwuliza kwanza Afisa wa Samaki. Mwaka 1970 kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani walitiwa katika Ziwa Naivasha. Baadaye wakaongezeka mno, na mimea ya majini ambayo samaki na ndege waliitegemea ikaangamizwa mahali pengi.

Wala si vema kung'oa kila jani. Mimea michache ukingoni huzuia udongo usimomonyoke, na vifaranga vya samaki hupata maficho. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mwenye kutenga saa moja kila juma kwa reki yake hatakuwa na haja ya kupigana vita na bwawa zima.