Somo kwa Vikundi: Kuvua Trauti kwa Inzi Bandia, Tuanze Chini ya Jiwe



Vikundi kadhaa vya vijana wanaoishi karibu na msitu, upande wa Mlima Kenya na upande wa milima ya Aberdare, vimetuuliza swali moja: je, sisi pia tunaweza kujifunza ule uvuvi wa wageni, wa kurusha uzi hewani kama mtu anayechapa kiboko, ili tupate kazi ya kuwaongoza mtoni? Tumeona tulijibu kwa somo zima. Jibu fupi ni ndiyo, mnaweza, na si lazima mwe na pesa nyingi. Lakini kijana anayeanza kwa kununua fimbo ya kuvulia ameanzia mwisho. Mwanzo wa kazi hii uko chini ya jiwe, ndani ya maji.

Samaki mwenyewe

Samaki anayetafutwa ni trauti. Huyu si mwenyeji wetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, kule Aberdare. Baadaye akaletwa yule mwingine mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na huyu ndiye mnayemwona zaidi siku hizi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha samaki pale Kiganjo, karibu na Nyeri, ambacho kimejulikana kwa kuzalisha vifaranga vya trauti. Kwa miaka mingi uvuvi huu ulikuwa mchezo wa walowezi. Wazee wengi wa Kikuyu hawakujali, kwa maana kwa desturi hawakula samaki hata kidogo. Ndiyo sababu mpaka leo utakuta mtu amezaliwa hatua mia mbili kutoka Mto Thego au Mto Sagana na hajawahi kumwangalia samaki wa mto wake.

Trauti anataka maji baridi, yanayokimbia na yenye hewa nyingi. Anafurahia maji ya nyuzijoto 10 hadi 16 hivi. Yakipita 20 anaanza kutaabika, na yakikaribia 25 anaweza kufa. Kwa hiyo msimtafute kwenye mito ya chini yenye joto. Na kwa kuwa ni mgeni mwenye meno, anayekula hata samaki wadogo wa asili, mtu asimchukue kwa ndoo akampeleka kwenye mto mwingine ati anausaidia. Jambo hilo ni la idara ya uvuvi kuamua.

Chini ya jiwe

Sasa hebu tuje kwenye somo lenyewe. Chakula kikubwa cha trauti ni wadudu wa majini. Mnajua wale wadudu wepesi wanaoruka juu ya mto jioni kama vumbi? Hao hawakutoka hewani. Wameishi chini ya mawe mtoni kwa wiki nyingi au miezi, wakiwa watoto wasio na mabawa, kisha wakapanda juu, wakajivua ngozi, wakaruka, wakataga mayai, wakafa. Trauti anawala katika kila hatua ya maisha hayo. Inzi bandia ni ndoana iliyofungwa manyoya na sufu ili ifanane na mdudu mmoja wa hao. Basi, utamfungaje mdudu usiyemjua?

Siku ya kwanza msibebe fimbo. Bebeni bakuli jeupe, au hata kifuniko cha ndoo. Ingieni mahali maji yanapokimbia juu ya mawe, yasiyopita magoti. Inueni jiwe la ukubwa wa chapati, mlipanguse kwa mkono ndani ya bakuli lenye maji kidogo, kisha mlirudishe pale pale lilipokuwa. Nyamazeni, mtazame. Mtaona vitu vinatembea. Kuna mdudu bapa mwenye mikia mitatu, anayeng'ang'ania jiwe kama aliyegundishwa. Kuna mwingine mwenye mikia miwili, ambaye hupenda maji safi kabisa. Halafu kuna fundi: anajijengea nyumba ndogo kama bomba kwa mchanga na vijiwe, akaishi ndani. Mkimwona huyu fundi kwa mara ya kwanza mtashangaa, na wengi wenu mtasema mlidhani ni kijiti tu.

Hapa ndipo somo la uvuvi linapokuwa somo la maendeleo. Wadudu hawa ni kipimo cha maji. Wale wa mikia hawavumilii uchafu. Mkiinua mawe kumi na msiwapate, bali mpate tu viminyoo vyekundu kwenye matope, mjue mto una shida hata kama kwa macho maji yanang'aa. Pengine mtu anaoshea pampu ya dawa ya mboga mtoni. Dawa nyingi za siku hizi za kuua wadudu shambani huua wadudu wa majini na samaki kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho ulimi wa mtu hauwezi kukionja. Pengine ukingo umelimwa mpaka majini na udongo umefunika mawe, wadudu wakakosa pa kushika. Pengine mifereji huko juu imechukua maji yote ya kiangazi, na kilichobaki kimepata joto.

Tunasema wazi: tumeona vikundi vinapanga kuwaleta wageni mtoni huku wanachama wao wenyewe wanaoshea pampu hapo hapo. Mgeni akirusha uzi siku nzima bila kuguswa, harudi. Na kabla ya mgeni, kuna mama anayechota maji hayo kwa ajili ya uji wa mtoto. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alieleza kuwa kupata maji salama ni haki ya kila mtu. Mdudu wa mikia mitatu anatuonyesha kama haki hiyo ingaliko kijijini mwetu.

Andikeni mnachokiona kwenye daftari la kikundi: tarehe, mahali, mawe mangapi, wadudu wa aina gani. Fanyeni hivyo kila mwezi, mahali pale pale. Mkienda kuzungumza na chama cha watumiaji wa maji au na mwenye shamba la juu, daftari la miezi sita linasikika kuliko kelele.

Vifaa vya mwanafunzi

Uvuvi huu ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi Aelianus, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana. Sufu na jogoo! Vitu hivyo viko nyumbani kwenu. (Katika Injili nako kuna ndoana mara moja tu, pale Petro alipotumwa kuvua samaki mwenye sarafu mdomoni. Siku nyingine walitumia nyavu.)

Fimbo za dukani zenye kigurudumu cha kukunjia uzi ni ghali. Anzeni bila kigurudumu, kama wavuvi wa milimani huko Japani walivyofanya kwa miaka mingi. Tafuteni mwanzi mwembamba, mnyofu, wa mita 3 au zaidi kidogo, uliopandwa shambani. Msikate mwanzi wa msituni bila ruhusa. Ukausheni kivulini wiki kadhaa. Kwenye ncha fungeni uzi wenye urefu sawa na mwanzi. Uzi huo usokotwe kwa nailoni: nyuzi nne upande wa fimbo, halafu tatu, halafu mbili, ili uwe mzito mwanzo na mwepesi mwisho. Mwisho kabisa ungeni nailoni moja nyembamba ya mita 1 hivi, ambayo samaki haioni kwa urahisi, na hapo ndipo inzi anafungwa.

Kwa nini uzi uwe mzito? Katika uvuvi wa kawaida, kipande cha risasi au chambo ndicho kinachovuta uzi. Lakini inzi bandia ni mwepesi kama unyoya, hawezi kuvuta chochote. Hapa uzi wenyewe ndio unaombeba inzi. Ukielewa hilo, umeelewa nusu ya kazi.

Kufunga inzi: shikeni ndoana ndogo kwa koleo, zungusheni uzi wa kushonea kutoka mbele kwenda nyuma, fungeni sufu kidogo ya kahawia iwe tumbo, kisha unyoya mmoja wa shingo ya jogoo uzungushwe mara mbili tatu karibu na kitundu cha ndoana uwe miguu. Malizeni kwa fundo na tone la gundi. Wa kwanza atakuwa mbaya. Trauti si mwalimu wa sanaa, mradi ukubwa na rangi vikaribiane na mdudu wa kwenye bakuli. Kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma kibanwe kwa koleo, ili samaki mdogo afunguliwe bila kuraruliwa, na ili sikio la mwenzako pia lifunguliwe bila daktari.

Uwanjani, kisha mtoni

Jifunzeni kurusha kwenye uwanja wa nyasi, si mtoni. Badala ya ndoana fungeni kipande cha sufu. Inueni fimbo kwa kasi inayoongezeka, mwisimamishe ghafla ikipita sikio kidogo. Ngojeni. Uzi unyooke nyuma yenu. Sasa sukumeni mbele na kusimama ghafla tena. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kutongoja, na lingine ni kutumia nguvu ya bega. Mkisikia sauti ya kiboko, mmeharakisha. Wekeni sufuria hatua sita mbele, mrushe mpaka sufu iangukie ndani yake mara tano kati ya kumi. Dakika ishirini kwa siku zinatosha, mkono ukichoka hujifunza vibaya. Mtoni vaeni kofia, na mwenye miwani ya aina yoyote avae.

Trauti hukaa akitazama juu, kule maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe. Kwa hiyo mwendeeni kutoka chini, mkiwa nyuma yake. Tembeeni pole pole, mkiinama. Kuongea hakumshtui sana, lakini kishindo cha miguu na kivuli cha mtu vinamkimbiza. Mtafuteni pale maji ya kasi yanapokutana na maji ya polepole, nyuma ya jiwe kubwa, na chini ya ukingo wenye kivuli. Rusheni juu yake kidogo, mwacheni inzi ateremke kwa mwendo ule ule wa povu lililo karibu naye. Inzi anayeburutwa kinyume cha povu, samaki anamjua ni mwongo. Uzi ukisita hata kidogo, inueni fimbo.

Anayerudishwa majini ashikwe kwa mikono iliyolowa, asitolewe nje muda mrefu, aelekezwe mbele ya mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Neno la usalama. Maji yakigeuka ghafla rangi ya udongo au yakileta majani na vijiti, tokeni mara moja, kwa maana mvua imenyesha mlimani hata kama kwenu kuna jua. Na karibu na msitu kuna nyati na ndovu. Msiende mtu mmoja, wala msikae mpaka giza.

Leseni na pesa

Kuvua bila leseni ni kosa. Ofisi ya uvuvi ya kaunti itawaeleza leseni ipi inahitajika, mto upi umefunguliwa, samaki wangapi na wa ukubwa gani. Ndani ya mbuga ulizeni Shirika la Wanyamapori, na msituni Huduma ya Misitu. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu, baruti na umeme. Anayemwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe mtoni ili apate samaki kumi huua chakula cha samaki wote waliobaki, na watu huko chini wanakunywa.

Je, kuna pesa? Kiasi. Kazi ya kuongoza wageni ni ya msimu, na mgeni haji kila wiki. Msiache viazi wala ng'ombe kwa ajili yake. Wamama wametuuliza juu ya kufunga inzi wa kuuza. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi karakana za hapa Kenya, ambazo wafanyakazi wake wengi ni wanawake, zimefunga inzi wa kupelekwa Ulaya na Marekani. Lakini mnunuzi huko anataka mamia wanaofanana kama mapacha, na kazi hiyo inachosha macho. Msinunue vifaa kabla ya kumpata mnunuzi na kuona bei yake kwa maandishi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni lini mwisho mmoja wetu aliinua jiwe mtoni? Wazee wanakumbuka nini juu ya maji hayo walipokuwa watoto?

2. Kutoka daraja hadi daraja, nani anaoshea nini mtoni? Tajeni mahali, msitaje majina kwa hasira.

3. Kama kiangazi maji hayatoshi mifereji na mto pia, nani kati yetu atafunga mfereji wake kwanza, na kwa siku zipi?

4. Nani atashika daftari la mawe, na nani atashika nafasi yake akienda Nairobi kutafuta kazi?