Kira: Mji Ambao Karibu Kila Mtu Ametoka Kwingine

Mtu anayetoka Kampala kwa barabara ya Jinja haoni mahali ambapo jiji limekoma. Baada ya Banda nyumba zinaendelea, maduka yanaendelea, na msururu wa magari unaendelea; kumbe amekwisha ingia Kireka, katika Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Somo letu linauhusu mji huu. Tumeuchagua kwa sababu yanayotokea Kira yanatokea pia katika miji mingi iliyoota pembeni mwa majiji yetu, na kwa sababu usalama wake unategemea jambo ambalo askari peke yake hawezi kulitimiza: watu kufahamiana.

Mji na watu wake

Manispaa ya Kira ina divisheni tatu: Kira, Namugongo na Bweyogerere. Sensa ya 2002 ilikuta watu wapatao 140,000. Sensa ya 2014 ikakuta watu 317,157. Katika miaka 12 idadi ilizidi mara mbili. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi tu. Huletwa na watu wanaofika na magodoro yao juu ya pikapu, wakitafuta chumba cha kodi nafuu karibu na jiji.

Wenyeji wa kale ni Waganda, ambao baadhi yao wanamiliki ardhi ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Kilimani Kireka iko kasri ya Kabaka. Kwenye kilima hicho hicho, upande unaopakana na Banda, liko eneo linaloitwa Acholi Quarters. Wengi wa wakazi wake walitoka Uganda ya Kaskazini wakikimbia vita vya waasi wa Lord's Resistance Army. Akina mama wa hapo wamesomesha watoto kwa kuponda mawe kuwa kokoto na kwa kutengeneza shanga za karatasi.

Shukia barabarani, utawakuta Wasoga, Wagisu, Wateso na wengine wanaouza nafaka, ndizi na vipuri. Malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba na Busia hupita hapa, na madereva wake huagiza chakula kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo hupanga vyumba Banda na Kireka. Kule Naalya zipo nyumba za watumishi na wafanyabiashara, zenye kuta ndefu na mlinzi langoni.

Kisha iko Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakristo walichomwa moto mahali hapo. Leo Wakatoliki na Waanglikana wana mahali pao pa hija, na Waislamu nao wana msikiti wa kuwakumbuka ndugu zao waliouawa kwa ajili ya imani kabla ya hapo. Kila mwaka mahujaji huja kwa miguu kutoka pembe zote za Uganda, na hata kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Huko Bweyogerere, Uwanja wa Taifa wa Mandela, ambao wengi huuita Namboole, huleta umati mwingine siku za mechi, kama ilivyokuwa katika mashindano ya CHAN, Agosti 2025.

Kwa hiyo Kira imezoea wageni. Swali ni hili: je, imezoea majirani?

Hatari ya kutojulikana

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kira imewapa wageni wake jembe. Wanafanya kazi tangu alfajiri. Lakini wengi hawajaulizwa majina yao. Mpangaji humjua wakala aliyempa ufunguo, na mwenye nyumba huishi mtaa mwingine akipokea kodi kwa simu. Mtu aweza kukaa mwaka mzima bila mwenyekiti wa LC1 kumwona hata mara moja.

Tuchukue mfano. Kijana aliyehamia juzi anarudi saa nne usiku. Umeme umekatika. Anakosea lango na kugonga mlango usio wake. Mama aliye ndani anaogopa na kupiga yowe: mwizi! Watu wanatoka na fimbo na mawe. Wakati huo hakuna anayeuliza maswali marefu. Kinachoweza kumwokoa kijana yule ni sauti moja tu: “Mwacheni, huyu ni mpangaji wa nyumba ya pili.” Ikiwa hakuna anayemfahamu, hakuna atakayeitoa sauti hiyo.

Taarifa za mwaka za uhalifu za Jeshi la Polisi la Uganda huhesabu vifo vya watu waliouawa na makundi kwa mamia. Kila anayeshiriki katika kipigo hicho aweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama alirusha jiwe moja. Naye marehemu, awe mwizi au asiwe, hawezi tena kusema ni nani aliyemtuma wala mali imefichwa wapi. Kundi likimuua mtuhumiwa, uchunguzi nao umeuawa.

Mbona mtuhumiwa ameachiwa?

Tunapokutana na wananchi, lalamiko hili husikika mara kwa mara: “Tuliwaletea mwizi, mkamwachia.” Lalamiko hili ni la haki kusikilizwa, kwa maana ndilo linalowafanya wengine waone heri kujichukulia sheria mkononi.

Katiba ya 1995, katika Ibara ya 23, inaagiza kwamba mtuhumiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya saa 48 tangu kukamatwa. Ibara ya 28 inasema huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Kama mlalamikaji hakurudi kuandika maelezo, au shahidi amekataa kufika, polisi hawana msingi wa kumshikilia. Aweza pia kutoka kwa dhamana ya polisi wakati uchunguzi unaendelea. Dhamana hiyo haifuti kesi, nayo hailipiwi hata shilingi moja. Anayedaiwa fedha kwa ajili yake na amripoti afisa huyo kwa mkuu wa kituo.

Ni wajibu wetu, basi, kumweleza mlalamikaji kesi yake imefika wapi kabla hajakutana na mtuhumiwa njiani. Ukimya wa kituo hugeuka hasira ya mtaa.

Jambo jingine ni ardhi. Mwenye hati na mwenye kibanja wote wana haki mbele ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2010 yanamlinda mwenye kibanja halali asiondolewe bila amri ya mahakama. Anayekuja na watu wenye nyundo alfajiri bila amri hiyo anavunja sheria, na jirani anayeona hivyo aite polisi.

Lugha inayofungua mlango

Katika mji wenye lugha nyingi, namna ya kusema ni sehemu ya usalama. Kiganda ndicho husikika zaidi sokoni. Kiswahili, ambacho marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, ndiyo lugha ya kazi ya askari. Lakini wazee wengi wa Buganda walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, katika miaka ya bunduki, kikisemwa kwa ukali. Hawajasahau. Askari anayemsalimu mzee kwa “Shikamoo” au kwa salamu ya Kiganda, kisha akaeleza shida yake kwa upole, hupata habari ambazo amri haziwezi kuzipata.

Mambo ya kutenda

Ibara ya 212 ya Katiba inataja kazi za polisi: kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa jumla. Kazi hiyo ya mwisho huanza na mambo madogo:

1. Mwenye nyumba ampeleke mpangaji mpya kwa mwenyekiti wa LC1, akiwa na kitambulisho, katika juma la kwanza. Daftari la wakazi liandikwe bila kubagua kabila wala dini.

2. Mpangaji ajitambulishe kwa majirani wa pande zote. Hili halihitaji muhuri.

3. Waendesha boda boda wa kila stendi wawe na orodha yao, na mwenyekiti wao awe na namba ya simu ya kituo.

4. Yowe likipigwa, wa kwanza kufika awazuie wengine kupiga, na apige simu 999 au 112.

5. Anayeita msaada ataje mahali kwa uhakika. Kituo cha polisi cha Kira Road kiko Kampala, karibu na Kamwokya; makao ya polisi ya Divisheni ya Kira yako Kira yenyewe. Wanaochanganya majina hayo hupoteza dakika zenye thamani kubwa.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kijiji

Je, unayafahamu majina ya watu wa nyumba tatu zilizo karibu nawe? Mpangaji wa mwisho kufika katika kijiji chenu alipokewa na nani? Kilio cha mwizi kikisikika usiku huu, ni nani atakayesimama kati ya kundi na mtuhumiwa?

Kikao kisichopata jibu la swali la tatu kisifungwe kabla ya kulipata. Katibu wa usalama aliandike jina hilo, na nakala iletwe kituoni ili nasi tulifahamu.