Si kila anayekula sana ni mlafi

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa darasa langu la watu wazima alinijia akilia. Akasema usiku, watoto wakishalala, hula mpaka tumbo limuume, kisha hujitapisha. Mimi, ustadh mwenye shahada, nikamkumbusha hadithi ya theluthi tatu za tumbo, nikamwamuru afunge Jumatatu na Alhamisi.

Nilikosea. Miezi miwili hakuonekana darasani. Aliporudi akaniambia siku za saumu ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Akifuturu hawezi kujizuia, akimaliza anajiona mnafiki, anatapika, kisha anafunga tena ili ajiadhibu. (Naandika haya kwa idhini yake.)

Nilipokwenda kumuuliza daktari ndipo nikafahamu kuwa haya ni maradhi. Mwaka 1979 Gerald Russell, daktari wa London, aliyaeleza kwa jina la bulimia. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na hilo laweza kuvuruga mapigo ya moyo. Yaani mtu anaweza kufa huku sisi tunahubiri ulafi!

Sababu zake ni nyingi. Lakini dada yule alikuwa amefiwa na mama yake, na msibani kila aliyempa mkono alimwambia "subira", basi akanyamaza. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer waliandika juu ya akili ya hisia: mtu atambue anachohisi, akielewe, kisha akiongoze. Asiyejua kama kinachomsumbua ni huzuni au njaa, ataishia jikoni.

Je, hili ni geni kwetu? Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, na alipoulizwa akasema hiyo ni rehema. Mwenye hasira alifundishwa akae kama amesimama. Hapo hisia imetambuliwa, ikapewa njia. Sisi tumeigeuza subira kuwa kufumba mdomo.

Maustadh wenzangu, akija mtu wa namna hii msimpe saumu. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga hata Ramadhani, sembuse sunna. Mpelekeni kwa daktari wa afya ya akili. Matibabu huanza kwa kula kwa saa maalumu bila kuruka mlo, kinyume kabisa na nilivyomwamuru mimi.

Nimemwomba radhi. Akaniambia daktari, kabla hajataja chakula, alimuuliza habari za mama yake.