Sange si Panya

Ukipita msituni mchana, huenda ukasikia majani makavu yakichakura. Simama utazame. Utaona mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu mirefu ya nyuma. Mara anaruka na kutoweka. Huyo ni sange.

Watu wengi humwita panya. Lakini sange si panya. Panya hula nafaka yako ghalani. Sange hula mchwa, siafu, mende na buibui. Huwatafuta kwa pua yake chini ya majani. Wataalamu wamechunguza ukoo wake. Wamegundua kuwa ndugu zake ni tembo, pimbi, muhanga, na hata nguva wa bahari yetu.

Sange mkubwa wa misitu ya Lindi ana uzito wa karibu nusu kilo. Jamaa yake mwingine anaishi katika visiwa vya Mafia na Unguja.

Nyumba ya sange ni majani makavu. Huchimba kishimo, hutandika majani, kisha hujifunika kwa majani. Chakula chake pia kimo humo humo. Jike huzaa mtoto mmoja au wawili tu. Kwa hiyo sange wakipungua, hawarudi upesi kama panya.

Ni nini kinachomwangamiza?

1. Moto. Moto ukipita, miti mikubwa huweza kubaki imesimama. Lakini majani yote huungua. Sange hana nyumba wala chakula.

2. Kufyeka msitu kwa mashamba na mkaa. Misitu ya pwani, kama Rondo na Litipo, imebaki kama visiwa katikati ya mashamba. Sange wa kisiwa kimoja hawezi kuvuka kwa urahisi kwenda kingine.

3. Mitego na mbwa wa kuwindia.

Tufanye nini? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vimefanya hivyo. Vinavuna mpingo kwa mpango, na fedha ni ya kijiji. Msitu ukitunzwa, kijiji kinapata, na sange anabaki na nyumba yake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini sange si adui wa mkulima?
2. Moto huingiaje katika msitu wa kijiji chetu? Nani anaweza kuuzuia?
3. Je, kijiji chetu kimetenga msitu? Kama bado, tuanzie wapi?